Nilivyomsemea Lombe kwa Mama Mkwe

Watu wakizungumza habari za Lombe Kasonde siku hizi, husema alikuwa mpole mno, ndiyo maana yakampata yaliyompata. Nikiwasikia nanyamaza, lakini moyoni natukana. Lombe mpole? Aliwahi kumkimbiza fundi wa umeme na spana mkononi kwa sababu jamaa alitaka kunawa miguu kwenye tangi la maji ya mji. Lombe alifungwa mdomo, na mtu aliyefungwa mdomo msimwite mpole. Mmoja wa waliomfunga ni mimi.

Mimi ni karani katika ofisi ya maji ya mji wetu mdogo, huku kaskazini, njia ya kwenda Mbala. Kwetu ni mashariki. Ni Mngoni niliyeolewa na Mbemba, na kwa Wabemba Mngoni ni mtani. Mwaka wa kumi na nne huu wananiita mla panya, nami nawaita wala nyani, tunacheka, chai inanyweka. Mtani akikutukana hapelekwi popote. Akikuambia neno ambalo ndugu yako ameshindwa kukuambia, unalimeza tu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake.

Lombe alikuwa mwendesha mtambo. Mtambo uko mtoni, mwendo wa nusu saa kutoka ofisini. Hapo maji huvutwa, huchujwa, kisha hutiwa klorini ndipo mji unywe. Klorini yenyewe huja kwenye mitungi mirefu ya chuma, na iliyomo ndani ni gesi. Kubadilisha mtungi ni kazi ya watu wawili, hata ukutani imeandikwa kwa rangi nyekundu: mmoja anafungua, wa pili anasimama mlangoni tayari kumvuta mwenzake. Wa pili alikuwa mzee Chitalu. Mwezi wa sita mzee Chitalu akastaafu, tukamchinjia kuku, akaenda zake kijijini, na hakuletwa mwingine. Barakoa ya gesi iliyobaki ilikuwa moja tu, na kichujio chake kilikuwa kimepitwa na tarehe miaka miwili.

"Mngoni," Lombe aliniambia siku moja alipoleta ripoti, "siku hizi nikitaka kufungua ule mtungi natanguliza sala. Mimi, ambaye kanisani nalala."

"Mwambie meneja."

"Nimemwambia. Anasema yeye anahama, nimngoje ajaye."

Tukamngoja ajaye. Aliyekuja ni Madamu Nkandu, mama mzazi wa Mutale, mke wa Lombe.

Lombe na Mutale walikuwa na miaka tisa ya ndoa na watoto wawili, lakini Lombe alikuwa bado hajaingizwa. Mkwe huingizwa siku ambayo ndugu wa mke wanapika, wanabeba mabakuli, wanamfunulia moja moja na kumwambia sasa wewe ni wetu. Kabla ya siku hiyo hali chakula kwa mama mkwe, hamtazami usoni, hamsemeshi. Wakikutana njiani, mkwe ndiye anayeingia majanini. Mwaka ambao angeingizwa, baba mkwe alifariki. Kisha Madamu akahamishiwa Lusaka, na tangu hapo ikawa mwakani, mwakani, tukishavuna.

Siku ya kwanza ya Madamu tulikuwa kikaoni. Lombe akaja kachelewa kutoka mtamboni, na mabuti yake ya mpira, akafungua mlango, akaona nani amekaa mbele. Akachuchumaa pale pale, akapiga makofi mawili ya heshima, akaanza kurudi kinyumenyume mpaka akaangusha benchi. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Madamu alitazama makaratasi yake hadi mlango ulipofungwa.

"Mwendesha mtambo ataleta ripoti zake kwa karani," akasema. Kisha akanigeukia. "Wewe si mtani wetu? Utakaa katikati. Akiwa na neno, litapita kwako."

Nilijisikia mkubwa siku hiyo, sitaficha.

Miezi ikaenda. Kila nikimwona Lombe namuuliza lile neno la mtu wa pili, na kila mara ananiambia bado.

"Basi mwandikie barua, kama kusema huwezi."

"Nimwandikie mama mkwe kwamba kazi aliyonipa imenishinda?" Alinitazama kama mtoto aliyeuliza swali la kijinga. "Sikiliza, mla panya. Mkwe hasemi nimechoka. Jiko lake nimelijenga mimi. Mihogo yake nimeilima misimu minne, sijawahi kutamka kwamba mgongo unauma. Leo niseme? Wajomba wa Mutale watakaa kitako siku hiyo hiyo, waseme binti yetu kaolewa na mvivu. Na mvivu haingizwi."

"Mutale je? Si mama yake?"

"Mutale alimwambia. Unajua alijibiwaje? Nyumbani usiniletee habari za ofisini. Mumeo ana neno, alilete ofisini."

Nyumbani haruhusiwi, ofisini hawezi. Niliwahi kumwambia aache kazi. Akaniuliza nimtajie kazi nyingine iliyopo mji huu, nikakosa. Akaniuliza mtambo ukiachwa mji utakunywa nini, nikakosa tena. Akacheka, akavaa kofia yake, akarudi mtoni.

Mwezi wa kumi makao makuu yakaleta karatasi za tathmini. Kifungu cha tatu kiliuliza: unahitaji msaada gani kutoka kwa meneja wako ili ufanye kazi yako vizuri? Na chini, kwa herufi nene: kijazwe uso kwa uso, meneja na mfanyakazi, wote watie sahihi. Niliposoma nikafurahi kwa niaba ya Lombe. Nikasema haya sasa, serikali ya makaratasi imeingilia kati, amelazimishwa kusema na mkwewe amelazimishwa kusikia. Nikampelekea karatasi mwenyewe mpaka mtoni. Aliishika kwa ncha za vidole.

"Uso kwa uso," akasema.

"Nitaweka kitenge katikati."

"Utasema maneno yangu yote?"

"We nyani, mimi ni mtani wenu. Naogopa nini?"

Jumatatu ya wiki hiyo Madamu aliniita. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Mikataba yangu yote ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja, miaka kumi na mitatu, kila mwaka nakaa roho juu. Akaniambia, "Safari hii nataka nikupendekeze uajiriwe moja kwa moja. Nimekuangalia. Napenda karani asiye na kelele." Nilimshukuru kwa magoti. Nilirudi kwenye meza yangu nikapiga hesabu ya ada za Zondiwe, binti yangu, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba atamaliza shule.

Jumanne ndiyo ilikuwa zamu ya Lombe. Nilitundika kitenge changu cha njano, chenye picha za kanga weusi, katika mlango wa ofisi ya Madamu. Madamu alikaa mezani kwake. Lombe alichuchumaa ukumbini, amevaa shati la kanisani, mgongo wake ukutani. Mimi nilikaa kizingitini kwenye kigoda, kitenge kikinigusa bega, nusu yangu ndani, nusu yangu nje.

"Muulize," Madamu akasema. "Kifungu cha tatu. Anahitaji nini kutoka kwangu?"

Nikainamisha kichwa upande wa ukumbini. Lombe akasogea, akasema kwa sauti ya chini, lakini ilikuwa sauti ya mtu aliyejiandaa.

"Mwambie hivi, na usipunguze. Mwambie nimebadilisha mitungi minne peke yangu. Wa mwisho uliachia gesi. Nilitoka nje nikatapika majanini mpaka jua likageuka, na Mutale hajui. Mwambie barakoa imekufa. Mwambie naogopa. Litumie neno hilo hilo, Mngoni, naogopa. Nataka mtu wa pili na barakoa mpya. Kama hawezi, mtungi ujao sifungui, na wajomba waseme watakalo."

Nikageuka ndani. Madamu alikuwa ameshika kalamu. Chini ya kiwiko chake niliona karatasi ya mkataba wangu, jina langu limepigwa chapa vizuri, mahali pa sahihi pakiwa peupe.

Nataka niseme kwamba nilijichanganya, au kwamba nilitaka kumlinda Lombe asionekane mkorofi kwa mkwewe. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Ukweli ni kwamba niliogopa kupiga kelele.

"Madamu," nikasema, "anashukuru sana. Anasema kazi inakwenda. Ila siku Mungu akijalia, akipatikana msaidizi, na barakoa nayo imechakaa chakaa kidogo, basi itakuwa vizuri."

Madamu hakuandika. Alinitazama, akatazama kitenge, akanitazama tena.

"Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo, Madamu."

"Hakuna zaidi?"

Nyuma yangu nilimsikia Lombe anavuta pumzi. Alikuwa amesikia kila kitu, maana hatua mbili tu zilitutenganisha. Lakini ili anisahihishe ilibidi apaze sauti, amsemeshe mama mkwe wake, na neno lake la kwanza kwake katika miaka tisa liwe kwamba karani ni mwongo. Alikohoa mara moja. Nikangoja nione kama atafuatisha neno. Hakufuatisha.

"Hakuna zaidi," nikasema.

Madamu akaandika: hakuna la haraka. Akatia sahihi. Karatasi nikaipitisha chini ya kitenge, Lombe akaweka sahihi yake, akairudisha. Mkono wake ndio niliouona, na kucha zilizobabuka kwa ile dawa.

Nilimkuta nje kwenye bomba, anajimwagia maji usoni.

"Lombe, nimelainisha tu. Maneno yako yalikuwa makali, nikaona..."

"Nilidhani mtani hana adabu," akasema. Akaondoka zake na shati lake la kanisani.

Siku ya pili yake Madamu alitia sahihi mkataba wangu. Alinipa bila kunipongeza, hata kunitazama hakunitazama, nikadhani ana mambo yake.

Alhamisi asubuhi akaniambia, "Twende mtamboni. Nataka kuona mwenyewe."

"Lombe yuko huko asubuhi hii."

"Zamu yake inaisha saa ngapi?"

"Saa saba."

"Basi tutakwenda saa nane. Asinikute."

Tulikwenda saa nane na gari la ofisi. Chumba cha klorini kiko nyuma ya mtambo, kidogo, mlango mmoja, dirisha dogo juu. Mlango ulikuwa wazi. Madamu alitangulia, mimi nyuma yake na daftari. Hatukujua kwamba mtungi ulikuwa umekwisha saa sita na nusu, na kwamba Lombe, kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia, alikuwa amebaki. Kumbe hata kile kitisho chake cha kutofungua hakukitimiza. Mji ulitaka maji, akafungua.

Alikuwa ameinama juu ya mtungi, spana mkononi, barakoa ikining'inia shingoni kwa sababu ukiivaa huoni wala huvuti hewa. Kivuli cha Madamu kikaingia kabla yake. Lombe akainua kichwa, akamwona mama mkwe wake amesimama mlangoni. Akafanya alichokuwa amekifanya miaka tisa. Akaachia kila kitu, mtungi ukiwa umefunguka nusu, akachuchumaa, akageuzia uso ukutani, akapiga makofi.

Ile gesi ni nzito, hushuka chini. Lombe alijua hilo kuliko mtu yeyote. Mara ngapi alinitania kwamba mtamboni hata kusali usipige magoti.

Madamu naye alifanya la heshima. Aligeuka haraka, akasogea kando ya njia, akainamisha kichwa ili mkwe apate kupita. Nami nikageuka. Tulisimama hivyo, wanawake wawili wenye adabu zao, tumempa mgongo mtu, tunamngoja atoke. Niliona kunguru watatu juu ya tangi. Nikasikia harufu kama ya mashuka ya hospitali, nikasema moyoni leo ametia dawa nyingi. Kisha nikasikia kikohozi, na kingine, na vikawa havina nafasi katikati. Lombe hakutoka. Mlango ulikuwa mmoja, na mama mkwe alikuwa hatua nne kutoka mlangoni. Sijui kama alikuwa akitungoja tusogee zaidi au alikuwa tayari hawezi kuinuka. Sijawahi kumuuliza, na sitamuuliza.

Aliyegeuka wa kwanza ni Madamu. Alivua kilemba chake, akajibana nacho mdomo na pua, akaingia ndani. Mimi nilibaki nimesimama na daftari langu. Ukutani maandishi mekundu yanasema wa pili asimame mlangoni tayari kuvuta, na wa pili siku hiyo nilikuwa mimi, na sikuvuta. Madamu alitoka kinyumenyume amemkumbatia Lombe kwa makwapa, kichwa cha mkwe kifuani mwa mama mkwe, kitu ambacho sijapata kukiona na wala sikudhani nitakiona. Ndipo miguu yangu ikafunguka, nikamshika Lombe magoti, tukampakia kwenye gari.

Hakufa. Madaktari walisema mapafu yameungua, kwamba mlima hataupanda tena, wala mtambo hataurudia. Wiki iliyofuata makao makuu yakaleta watu wawili wa klorini na barakoa tatu mpya. Tatu. Zilikuja kwenye sanduku, nikazipokea mimi, nikatia sahihi.

Madamu hakungoja mavuno. Jumamosi ya tatu alikuja wodini na kungwi, na shangazi wanne wa Mutale, na mabakuli yamefungwa vitambaa. Mimi aliniamuru nibebe bakuli la maji ya kunawa. Nilimwambia mimi si ndugu. Akasema, "Ulikaa katikati. Utakuja."

Wanawake waliingia kwa magoti kama inavyotakiwa, wakiimba kwa sauti ndogo kwa sababu ya wagonjwa. Mzee wa kitanda cha pili akawasaidia kupiga makofi. Lombe alikuwa ameegemezwa mito, kifua kinalia filimbi. Mutale alikaa miguuni pake akitazama chini. Kungwi akafunua bakuli moja moja: ugali wa ulezi, kuku mzima, maharage, kisamvu cha karanga. Kila bakuli akalisemea neno lake, na mashangazi wakaitikia. Alipofika la mwisho akasema, "Mkwe, leo umeingia. Utakula kwake. Utamtazama. Ukiwa na neno, mwambie kwa mdomo wako mwenyewe."

Tukangoja. Mkwe akishaambiwa hivyo hushukuru, ndiyo desturi, na mashangazi walikuwa wameshaweka vigelegele mdomoni. Lombe akainua macho, akamtazama Madamu usoni kwa mara ya kwanza. Sauti ilipotoka ilikuwa ya kukwaruza, tukalazimika kuinama ili tuisikie.

"Mama," akasema. "Nilikuwa peke yangu."

Madamu hakukwepesha macho.

"Nilikusikia," akamjibu.

"Lini?"

"Siku ya karatasi. Kitenge si ukuta, mwanangu. Nilisikia kila neno, hata lile la kuogopa. Lakini neno la mkwe asiyeingizwa mimi silipokei mpaka liletwe. Nikamuuliza huyu mara mbili. Nikangoja alilete, nipate kuliandika. Halikuletwa. Nami nikaandika kilicholetwa."

Mashangazi walimeza vigelegele vyao. Lombe akageuza kichwa juu ya mto, taratibu, akanitazama mimi. Tulikuwa watu watatu siku ile, wote watatu tulisikia, na karatasi iko kwenye faili hadi leo imeandikwa hakuna la haraka.

"Mngoni," kungwi akasema, "mnawishe mkwe wetu. Chakula kinapoa."

Nikapiga magoti kando ya kitanda. Lombe akanyoosha mikono yake, nikamimina maji.